Nani Alikula Mnofu?

Novemba 1948 mwanamke Mmarekani, mrefu kuliko wanaume wengi, alishuka melini Le Havre pamoja na mumewe. Walikuwa wanakwenda Paris, ambako mume alikuwa amepangiwa kazi katika ofisi ya habari ya serikali yao. Njiani, mjini Rouen, wakasimama kula. Aliletewa chaza, kisha samaki bapa wa baharini aitwaye sole, aliyepakwa unga kidogo, akakaangwa kwa siagi, akanyunyiziwa limao na kotimiri. Basi. Huyo samaki ndiye aliyembadilisha Julia Child. Alikuwa na miaka 36 na hakujua kupika. Mwaka uliofuata aliingia shule ya mapishi ya Le Cordon Bleu, na mwaka 1961, yeye na wenzake wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, walitoa kitabu kinene kilichowafundisha Wamarekani kupika Kifaransa.

Hadithi hiyo imo katika My Life in France, kitabu kilichotoka 2006, miaka miwili baada ya kifo chake, kikiwa kimekamilishwa na Alex Prud'homme. Nimekisoma mara tatu hapa Kiseke, mara ya tatu kwa tochi ya simu kwa sababu umeme ulikatika nikiwa kwenye ukurasa ambao usingeweza kuuacha hata wewe. Nakipenda kwa sababu ni nadra kukuta mtu mzima anayeandika kwamba alifurahi, bila kuomba radhi. Waandishi wetu wa chakula, wachache tulionao, huandika kama maofisa lishe: kula mboga hizi zina madini, kunywa uji huu unaongeza damu. Julia anasema tu kwamba ilikuwa tamu, tamu sana, na akajenga maisha yake yote juu ya utamu huo.

Lakini kuna jambo ambalo hadithi hiyo inalipita mbiombio. Mwaka 1948 vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu iliyopita, na Wafaransa walikuwa bado hawajatoka kabisa kwenye chakula cha mgao. Palikuwa na watu wa Rouen, mji uliopigwa mabomu vibaya, waliokuwa wakihesabu tiketi za vyakula wakati mgeni mwenye dola akila samaki wake kwa siagi. Simlaumu. Hakuiba sahani ya mtu. Ila swali linabaki pale mezani: je, raha ya mdomo inahitaji ruhusa ya wale ambao hawakukaribishwa?

Swali hili si la Julia peke yake. Ni langu pia, kwa sababu mimi napenda mapishi ya Kifaransa. Niliishi Lyon miezi tisa kwa masomo, na wikendi nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja mdogo, sufuria hadi saa saba za usiku. Nilirudi na visu viwili, daftari lililojaa madoa ya mafuta, na mapenzi ambayo hapa mtaani yanaonekana kama ugonjwa. Siagi nainunua kwa kujinyima. Divai nyeupe ya kupikia ninapoikosa natumia limao na maji kidogo ya ukwaju, na wallahi mchuzi unatoka.

Majirani wana jibu jepesi: unajifanya mzungu. Hilo nalipita haraka, maana halina uzito. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika. Nyanya na pilipili vilevile. Chapati na sambusa vilivuka Bahari ya Hindi, na leo mtu akikwambia chapati si chakula cha Mwanza utamshangaa. Hata sangara, samaki aliyeujenga mji huu, ni mgeni. Aliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 enzi za Waingereza, akawatafuna furu wadogo wadogo wa kila aina, wengine hatutawaona tena. Na Wafaransa wenyewe walifika ziwani mapema kuliko Wajerumani: mapadri wa Kardinali Lavigerie walitua pwani hii ya kusini mwaka 1878, na baadaye wakawa na misheni yao Bukumbi, si mbali na hapa. Bahati mbaya kitu pekee cha Kifaransa ambacho bibi zetu walikiona mezani ni divai ya misa, na hata hiyo waliiona tu. Wenzetu wa Bujumbura na Bukavu, waliotawaliwa na Wabelgiji, waliachiwa angalau mkate mrefu wenye ganda linalolia ukiuvunja. Sisi tuliachiwa chai ya maziwa na mkate wa slesi. Kila mtu na fungu lake.

Kwa hiyo ugeni wa chakula si hoja. Hoja iko kwenye mifupa.

Mama yangu aliuza mapanki. Kwa msomaji asiye wa kanda hii: sangara akifika kiwandani anachunwa minofu miwili, minofu inagandishwa, inapanda ndege au meli kwenda Ulaya na kwingineko. Kinachobaki ni kichwa, mfupa wa mgongo na mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania katikati ya miiba. Hayo ndiyo mapanki. Wengine huyaita mgongo wazi. Yanauzwa kwa wachuuzi, yanaanikwa juani au yanakaangwa, mara nyingi kwa mafuta ya sangara mwenyewe, maana ni samaki mwenye mafuta mengi. Mama alikuwa na karai mbili na benchi. Ada yangu ya sekondari ilinuka samaki, na sisemi hivyo kwa kutafuta huruma. Ilinuka kweli, noti zilikuwa na harufu.

Nikiwa bado shule ikaja filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria anayefanya kazi Ufaransa. Darwin's Nightmare ilioneshwa mara ya kwanza 2004, ikapata tuzo ya César kule Paris, ikafika hadi kwenye orodha ya kuwania Oscar mwaka 2006. Ndani yake kuna ndege kubwa za mizigo zinatua Mwanza, kuna wanawake wa mji, kuna watoto wa mitaani, na kuna mapanki: yameanikwa juani, yana funza, na mama mmoja anatembea katikati ya hewa ya amonia. Rais Kikwete aliikosoa hadharani, watu wakaandamana hapa mjini. Ufaransa nako wakatokea watu waliotaka sangara asusiwe, na mwanahistoria mmoja wa kwao, François Garçon, akaandika kitabu kizima kuipinga filamu, wakafikishana mpaka mahakamani, na Garçon akashindwa. Kelele zilikuwa nyingi. Katika kelele zote hizo chakula alichokikaanga mama yangu kwa miaka mingi kikawa nembo ya aibu ya dunia.

Mama hakuiona filamu. Alisimuliwa. Akauliza swali moja tu: "Hao waliokuja kupiga picha, walionja?"

Nimelibeba swali hilo hadi Lyon. Na Lyon nilikuta kitu ambacho sikutarajia, yaani mifupa. Siku ya kwanza kuona mpishi mkuu akipokea samaki, alimpa kijana wa zamu minofu bila hata kumtazama, halafu akaanza kuifokea dunia kwa sababu vichwa havikuoshwa vizuri. Matamvua yatolewe, damu ya kwenye uti isuguliwe yote, maana ndiyo inayotia uchungu. Kisha mifupa ikaingia sufuriani na kitunguu, siagi kidogo, divai nyeupe, maji baridi, moto mdogo, dakika ishirini, thelathini ikizidi sana, la sivyo mchuzi unageuka gundi. Wanauita fumet. Bila huo hakuna mchuzi wa samaki wa kueleweka. Mnofu, aliniambia, mpumbavu yeyote anaweza kuupika.

Na si samaki tu. Lyon ni mji uliojengea jina lake juu ya vitu ambavyo sisi tunaviuza pembeni ya stendi: utumbo, miguu ya nguruwe, vichwa. Mtu aliyekula supu ya kongoro saa kumi na mbili asubuhi hawezi kupotea katika vile vimgahawa vyao wanavyoviita bouchon. Kuna samaki wa mtoni, brochet, mwenye vimiiba vingi kiasi kwamba kumla hivi hivi ni adhabu; wao wakamponda, wakamchanganya na mayai na siagi, wakamfanya kuwa mlo wa sherehe. Mpishi mkubwa kuliko wote wa mji huo, Eugénie Brazier, alianza maisha akichunga nguruwe na kufanya kazi za ndani. Mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipata nyota tatu kila mmoja katika kitabu cha Michelin. Nyota sita, mtoto wa shamba.

Halafu nenda Marseille. Bouillabaisse, supu ambayo leo mtalii anailipia fedha ya kutisha, ilianza kama chakula cha wavuvi. Walikuwa wakiuza samaki wazuri sokoni, na wale wa kwenye miamba, wenye sura mbaya na miiba, ambao hakuna mnunuzi aliyewataka, waliwapika wao wenyewe na maji ya bahari, baadaye shamari na zafarani. Mwaka 1980 wenye migahawa wa mji huo walikaa chini wakaandika hati inayosema supu hiyo ni ya samaki gani na iandaliwe vipi, ili matapeli wasiichafue. Mwaka 2010 UNESCO ikauingiza mlo wa Kifaransa wa sherehe katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sasa tulinganishe bila unafiki. Mvuvi wa Marseille aliuza samaki mzuri akala wa miiba. Mama wa Mwanza aliona mnofu ukipaa akakaanga mfupa. Kitendo ni kilekile. Kimoja kimekuwa urithi wenye hati, kingine ni picha ya funza kwenye ukumbi wa sinema wa Paris. Ukiniuliza tofauti iko wapi, najua kwamba haiko kwenye mfupa. Wala haiko kwenye ustadi.

Hapa ndipo ninapogombana na Pierre Bourdieu. Katika La Distinction, kitabu cha 1979, anasema ladha zetu zinatengenezwa na nafasi zetu: mwenye nacho ana ladha ya uhuru, anachagua chepesi, kizuri, cha adabu, asiye nacho ana ladha ya ulazima, hupenda kile ambacho angelazimika kukila hata hivyo. Ni kitabu chenye akili nyingi, na mwandishi wake mwenyewe alitoka familia ya kawaida ya kijijini kusini magharibi mwa Ufaransa, kwa hiyo hakuwa akiwacheka watu. Lakini nikimsoma namwona mama yangu anafutika. Kwa hesabu ya Bourdieu, mama alipenda mapanki kwa sababu hakuwa na kingine, na mapenzi ya namna hiyo si ladha hasa, ni mtu kujizoesha na fungu lake.

Ngoja nieleze mama alivyokuwa akinunua. Aliamka saa tisa usiku. Alipofika alinusa, si mzigo wote, bali shavu la kichwa cha chini kabisa, kwa sababu wachuuzi huweka wabichi juu. Alijua aliyelala barafu na aliyelala juani. Alibonyeza jicho. Akikataa mzigo alikataa kweli, anarudi na beseni tupu, na siku hiyo tunakula ugali kwa mlenda. Wakati wa kukaanga alitanguliza vichwa, mikia mwisho, na ndimu hakuiweka kabla ya chumvi kuingia. Wateja walivuka mabenchi manne kumfuata yeye.

David Hume, Mskoti wa karne ya 18, ana insha kuhusu kipimo cha ladha, ya mwaka 1757, na ndani yake anakisimulia kisa alichokitoa kwenye Don Quixote. Ndugu wawili wanaitwa kuonja divai ya pipa moja. Mmoja anasema ni nzuri ila ina kaharufu ka ngozi. Wa pili anasema nzuri, ila ina kachuma. Watu wanawacheka. Pipa linapomwagwa, chini kunakutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Hume anasema hiyo ndiyo ladha: kukihisi kidogo kilichojificha ndani ya kingi. Kwa kipimo hicho mama yangu, pale gizani na beseni lake, alikuwa mwonjaji sawa na yeyote aliyewahi kuketi na kitambaa shingoni. Alichokosa ni kuchagua kati ya mfupa na mnofu. Ndani ya mfupa alichagua kila siku. Umaskini ulimnyang'anya orodha ya vyakula, haukumnyang'anya ulimi, na naona ni kosa kubwa kuchanganya vitu hivyo viwili, kosa ambalo wanaotuhurumia hulifanya mara nyingi kuliko wanaotudharau.

Ningeishia hapa ningekuwa nimeshinda mjadala. Tatizo ni kwamba mama hakubaliani na mimi.

Nilipomweleza habari za bouillabaisse na hati yake, nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mwanangu, mimi mifupa niliila kwa sababu ya shida. Wewe unaila kwa raha. Usiseme tumekula kitu kimoja." Nikamwambia, lakini Mama, ulikuwa unaijua kuliko mtu yeyote. Akajibu, "Kuijua naijua. Nani kakwambia nilitaka kuijua?"

Sina jibu rahisi. Ninapochemsha kichwa cha sangara dakika ishirini kwa moto mdogo, nikachuja, nikatia siagi, nikaita watu waje kula, ninafanya jambo ambalo yeye hakuwahi kuwa na nafasi ya kulifanya: ninaweza kesho nikala kitu kingine. Mfupa wa hiari si mfupa wa lazima, hata kama umetoka beseni moja. Na kuna ufisadi fulani katika kuipamba shida ya mtu aliye hai, ameketi mbele yako, na hajaomba ipambwe. Wavuvi wa Marseille walioanzisha ile supu walikuwa wamekwisha kufa muda mrefu hati ilipoandikwa. Hakukuwa na mtu wa kuinua mkono na kusema, samahani, sisi tulikuwa na njaa. Pengine urithi wote wa chakula unahitaji hivyo, mashahidi waondoke kwanza. Mimi shahidi wangu yupo, anakaa chumba cha pili, na anasikia nikitaja neno fumet.

Lakini pia sikubali kwamba dawa ni kujinyima. Wale Wafaransa wema waliosusia sangara baada ya filamu, nawaheshimu nia yao. Ila hapa ziwani tulikwisha kuona soko likifungwa linavyokuwa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Walioshika tama hawakuwa walaji wa Ulaya, wao walihamia samaki mwingine. Walikuwa wavuvi, wapakuzi na kina dada wa viwandani. Mnofu ambao haukwenda Lyon haukuja moja kwa moja kwenye sahani ya mama. Laiti maadili yangekuwa mepesi hivyo, unaacha kula hapa na mwingine anashiba kule.

Nilipokuwa Lyon niliwahi kumkuta sangara kwenye barafu ya duka kubwa. Sheria zao zinataka kibao kionyeshe samaki wa maji baridi katoka maji yapi na nchi gani, kwa hiyo palikuwa na maandishi: Lac Victoria, Tanzanie. Mnofu mweupe, safi, umekatwa vizuri, na bei ya kilo moja ingenilisha sato wa Mwaloni wiki nzima. Nilisimama pale muda mrefu kiasi cha muuzaji kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikanunua kipande. Nilikipika kama yule sole wa Rouen, unga, siagi, limao. Kilikuwa kitamu sana. Nilikila chote nikiwa peke yangu na nikafuta sahani kwa mkate, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi mtoto wa ziwa, kula mnofu wa sangara kutoka kiwandani.

Hilo mama nilimweleza pia. Yeye, kinyume na nilivyodhani, halikumsikitisha hata kidogo. Alitaka maelezo: siagi kiasi gani, moto upi, ngozi ilikuwepo? Nikamweleza. Akafikiri. Akasema angetanguliza ndimu.

Siku hizi hata mapanki yamepanda bei, na kitu kinachogombaniwa zaidi kwa samaki huyu si mnofu tena bali mabondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, kinachokwenda China kwa fedha ambayo mvuvi wa zamani asingeamini. Watoto wa mtaani kwetu hapa Kiseke hawajui panki kama chakula cha kila siku. Wanaijua kama kitu cha bibi. Juzi kijana mmoja anayefungua mgahawa kule mjini alinipigia, amesikia napika, anataka kuweka kwenye orodha yake supu ya mapanki "ya kisasa", ndani ya bakuli nyeupe, kwa ajili ya wageni, na akataka nimwandikie maelezo mafupi ya historia yake. Nimemwambia nitaandika, kwa sharti kwamba sentensi ya kwanza iseme mnofu ulikwenda wapi. Anasema hiyo itawaharibia watu hamu. Bado tunabishana.